Nyumba ya mzee Temeke si mtaji wangu

Wadau, leo naomba niseme la nyumbani kwetu, maana najua wengi wenu limeshawafika au liko njiani.

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha familia. Ajenda moja tu: kuuza nyumba ya Temeke. Ni zile nyumba za Kiswahili mnazozijua, vyumba sita, korido katikati, choo na bomba uani. Marehemu mzee aliijenga kidogo kidogo, na bi mkubwa akiwapikia mafundi. Vyumba vyote vimepangishwa, elfu 60 kila kimoja kwa mwezi. Jumla shilingi 360,000, na hizo ndizo zinazomlisha bi mkubwa huko Mbagala anakoishi.

Dalali kaleta mteja wa milioni 80. Kaka mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, akapendekeza tugawane sawa: mama na sisi watoto wanne, kila mtu milioni 16, "na nyie vijana mkajenge."

Nisiwe mnafiki. Mate yalinidondoka. Mimi ni mpangaji Sinza, kila nusu mwaka nakopa ili nilipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tena siku mbili kabla ya kikao nilishakwenda Chanika kutazama kiwanja!

Lakini usiku nikachukua kalamu. Kiwanja milioni 6. Zinabaki 10. Fundi niliyemuuliza akaniambia hizo ni msingi na boma, kupaua sahau. Na hapo hatujatoa kodi ya TRA wala cha dalali. Yaani tungeuza nyumba moja yenye bati na wapangaji, tupate maboma manne yanayoota majani.

Na mama? Akichota 360,000 zake kila mwezi kama alivyozoea, milioni 16 zinaisha ndani ya miezi 44. Hata miaka minne haifiki. Baada ya hapo atakuwa anatupigia simu sisi, mmoja mmoja, kuomba hela ya unga.

Kaka ana hoja moja nzito, na haki yake nampa. Anasema nyumba ile ni mali iliyolala: milioni 80 zinazaa milioni 4 na ushee tu kwa mwaka, na bati linavuja. Ni kweli. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hati fungani za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Riba hupanda na kushuka, lakini hata kwa asilimia 8 tu, milioni 80 zingempa mama milioni 6.4 kwa mwaka bila kugombana na mpangaji yeyote. Sasa kama hoja ni hiyo, mimi nasaini leo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyependekeza hela ziende huko kwa jina la mama. Hesabu ya hati fungani tumeitumia kuhalalisha kuuza, halafu tukaisahau ilipofika kugawana.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, yetu ni mirathi, najua. Ila somo ni lile lile: wali waliokula mafundi nao umo ndani ya zile kuta. Sisi watoto hatukubeba hata ndoo ya mchanga.

Kwenye kikao bi mkubwa alisema maneno matatu tu: "Fanyeni mnavyoona, wanangu." Wote tukayachukua kuwa ndiyo. Wadau, mama wa Kiswahili akisema hivyo mbele ya watoto wake hajakubali. Amechoka, au anaogopa kuonekana anawabania.

Nimeshamwambia kaka: tuuze kama hela zote zinakwenda kumtunza mama kwanza. La sivyo sitaweka sahihi, nitaendelea na kodi yangu ya Sinza, na kiwanja cha Chanika nitanunua kwa mshahara, hata kama ni nikiwa na mvi.

Naomba kutoa hoja.