Umeikimbia kampuni ya simu, umekimbilia kwa nani?

Haya wasomaji wangu, leo niacheni niongelee jambo ambalo wengi wetu tunalifanya lakini tunalinong'ona tu.

Mwezi Mei 2025 mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo yangu na marahaba yake, akaingia kwenye hoja moja kwa moja: "Mwanangu, hii simu inakula bando kama ina njaa ya mwaka. Jana nimeweka la wiki, leo limekwisha." Nikamuuliza kama kuna kitu kipya ameweka. Akasema hakuna. Kidogo akakumbuka: "Labda ile VPN. Waliituma kwenye grupu letu la kikoba."

Nikamwelekeza afungue mipangilio ya simu, atafute ile programu, anisomee imepewa ruhusa gani. Akaanza kusoma: majina ya watu, kamera, ujumbe mfupi... Hapo nikamkatisha. Ujumbe mfupi! Yaani kwenye simu ambayo kila mchango wa kikoba unapita, na yeye ndiye mweka hazina. VPN haina shughuli yoyote na ujumbe wako mfupi. Inayouomba inatafuta kitu kingine.

Sasa kwa nini mama wa kikoba Tanga ahangaike na VPN? Jibu tunalijua. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, Twitter na mitandao mingine ilikwama. Mwishoni mwa Agosti 2024 X ikakwama tena. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa, ikawekwa habari za uongo, na siku hiyo hiyo X ikawa haifunguki kwa watu wengi nchini. Kila ikitokea hivyo watu wanakimbilia VPN, na mara nyingi wanakimbilia ya kwanza wanayotumiwa. Ndugu zetu wa Uganda waliyapitia mapema: Julai 2018 ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, wengi waliweka VPN ili wasilipe.

Mimi sina ugomvi na wanaoweka. Ninachosema ni kwamba tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunaulizana "ipi inafungua haraka?" wakati swali ni "huyu ninayemkabidhi mlango ni nani?"

Hebu tuelewane inavyofanya kazi. Bila VPN, kampuni yako ya simu inaona unatembelea tovuti gani. Ukiweka VPN, kampuni ya simu inaona kitu kimoja tu, kwamba umeunganishwa na kompyuta fulani huko mbali. Lakini mwenye ile kompyuta sasa ndiye anayeona ulichokuwa unaficha. Hujaziba tundu la mlango, umelihamisha tu. Ni sawa na kumnyang'anya mlinzi ufunguo ukampa mpita njia kwa sababu eti ametabasamu vizuri.

Na wapita njia hawa wana historia. Facebook waliinunua Onavo mwaka 2013, programu ya VPN ya bure iliyojinadi kwamba inalinda taarifa zako. Kumbe taarifa hizo zilikuwa zinaifaidisha Facebook yenyewe, inajua watu wanatumia programu gani za wengine. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili zilizo chini ya Meta zilipe dola milioni 20 za huko kwa jambo hilo. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba Hola, nayo ya bure, ilikuwa inauza intaneti ya watumiaji wake, yaani mtu asiyekujua anapita kwenye laini yako kufanya mambo yake. Na mwaka 2016 watafiti walipima programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu haribifu, na asilimia 18 hazikuficha mawasiliano kwa fumbo lolote. VPN isiyoficha kitu! Ni mwavuli wenye matundu.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana kila kifaa na mambo yake.

Kwanza, sio kila mtu anahitaji VPN. Proksi ni kitu kidogo zaidi, inapitisha programu moja tu. WhatsApp wameruhusu proksi tangu Januari 2023, iko kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data. Telegram nayo inayo. Kama shida yako ni WhatsApp tu, hiyo inatosha. Ujumbe wako unabaki kwenye fumbo, mwenye proksi hausomi, japo anaona namba ya mtandao unayotokea. Na kwa taarifa yenu, wengi tuliozoea Opera Mini kwenye simu za kitochi miaka ile tulikuwa tunatumia proksi bila kujua. Kurasa zilipita kwanza kwenye kompyuta za Opera, zikabanwa, ndipo zikaletwa kwetu. Tuliwaamini tu, hatukuuliza.

Kwenye Android hatari kubwa ni faili la APK linalozunguka kwenye magrupu, kama la mama mdogo. Chukua programu dukani kwenye simu au kwenye tovuti ya wenyewe. Ukiiweka, simu itakuuliza mara moja kama unaruhusu muunganisho wa VPN. Hilo ni la kawaida. Ikiomba majina ya watu au ujumbe mfupi, itoe. Halafu ingia kwenye mipangilio ya VPN ya simu, washa ile ya kuunganishwa muda wote, na ile ya kuzuia mawasiliano yasiyopita kwenye VPN. Bila hiyo, VPN ikikatika katikati simu inarudi njia ya kawaida kimya kimya, na wewe unadhani bado umejificha.

Kwenye iPhone chukua kwenye App Store tu. Mtu akikutumia kiungo cha kuweka "profaili" kwenye simu yako, kataa, labda awe ni mwajiri wako na simu ni ya kazini. Kumbuka pia duka linaweza kufungwa kabla hujafika: Apple waliondoa programu za VPN kwenye duka lao la China mwaka 2017, na la Urusi mwaka 2024.

Kwenye kompyuta watu wengi hudanganyika na vile vidude vya kubandika kwenye kivinjari. Hivyo vinapitisha kivinjari peke yake. Barua pepe kwenye programu yake, na kila kitu kingine, vinapita njia ile ile ya zamani.

Mnaotaka majina: Proton VPN ina toleo la bure na msimbo wake uko wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua. Psiphon ni ya bure na ilitengenezwa mahsusi kwa nchi zenye vizuizi, iko kwenye Android, iPhone na Windows. Tor Browser ni ya polepole lakini inagawanya safari yako kwa watu watatu, kusudi asiwepo mmoja anayejua unatoka wapi na unakwenda wapi. Sipewi hata senti na yeyote kati ya hao. Na hakuna hata moja inayosaidia mtandao ukizimwa wote. Wale wa Oktoba 29, 2025 na siku kama tano zilizofuata wanajua: kama barabara yenyewe imefungwa, njia ya mchepuo haipo.

Sasa nije kwenye siasa yake, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kuwa na teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au jela isiyopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Oktoba 2023 TCRA wakatoa tangazo: ambao kazi zao zinahitaji VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Msomaji ujue hilo kabla hujaamua, mimi sikuamulii.

Lakini angalieni matokeo yake. Mama mdogo aliitoa ile programu, akabadilisha namba ya siri, akaenda kuwaeleza wenzake kwenye kikao. Kwa bahati hakuna shilingi iliyopotea. Nikamwambia aandike basi kwenye grupu kwamba lile faili ni baya, na atumie badala yake ipi. Akakataa katakata. "Mwanangu, kuandika mimi VPN kwenye grupu, si nitakuwa nimejishitaki?"

Mnaona sasa. Aliyetuma faili baya hakuogopa. Anayetaka kutoa onyo ndiye anayeogopa. Nionavyo mimi, marufuku ya namna hii inaondoa ushauri na kuacha tamaa ya kutumia pale pale, na wanaofaidi ni wale wale wanaotafuta ujumbe mfupi wa mweka hazina wa kikoba. Serikali inasema inataka kulinda wananchi mtandaoni. Sawa. Ingeanza kwa kuwaacha waulizane kwa sauti ipi ni salama.

Kama na wewe uliletewa faili kwenye grupu, fungua simu yako leo, kabla ya kulala, uangalie umelipa ruhusa gani. Kisha uje utuambie umekuta nini. Majina si lazima.