Behewa la daraja la tatu ndilo letu

Kila mwisho wa wiki katika kumbi za burudani za Nyeri, Karatina na Nanyuki, watu hushikana mabega na kucheza mugithi. Neno hilo la Kikuyu maana yake ni garimoshi, na msururu wa wachezaji ndio mabehewa. Nikiwauliza wanafunzi wangu wanaoucheza mtindo huo, aghalabu hukiri kwamba hawajawahi kukanyaga ndani ya behewa lenyewe.

Nalitaja jambo hili kwa kuwa wakazi kadhaa wa Nyeri, nikiwemo, tumekuwa tukijadiliana kama tununue behewa kuukuu la abiria, tulikarabati na kuliweka Kiganjo, reli ipitapo, liwe makumbusho madogo. Mjadala umetugawa. Wapo wanaotaka behewa la daraja la kwanza, lenye vitanda na mbao zilizong'arishwa, ili liwavutie watalii wapandao Mlima Kenya. Mimi nashikilia kwamba tununue la daraja la tatu.

Itakumbukwa kwamba reli hii ilifika Thika mwaka 1913, na kufikia 1931 ilikuwa imefika Nanyuki. Ilifuata mashamba ya walowezi wala haikuwalenga wazazi wetu. Ndani ya garimoshi, madaraja yalikuwa mipaka ya rangi: la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika juu ya mabenchi ya mbao. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, reli ilitumika pia kuwarejesha Wakikuyu waliofukuzwa Bonde la Ufa, na kuwapeleka wengine kizuizini Manyani.

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, limehifadhiwa behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Ni haki lihifadhiwe. Lakini ikiwa kisa cha Mzungu mmoja na simba kimepata paa, kwa nini safari za maelfu ya vibarua zisipate hata benchi moja huku kwetu?

Wanaopinga ununuzi wowote wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Behewa likianza kuvuja, mbao huoza na kutu hula kiunzi cha chuma. Kulihamisha kunahitaji winchi na lori refu. Serikali ilipoifufua reli ya Nanyuki mwaka 2020, ilikuwa na wanajeshi na Huduma ya Vijana kwa Taifa. Sisi tuna michango tu. Isitoshe, Januari 2022 serikali ililazimika kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Behewa lisilo na mlinzi litaishia kwenye mizani.

Kwa hiyo nimekubali kuchanga kwa masharti. Fundi akague kiunzi kabla ya senti moja kutolewa. Hati ya umiliki ipatikane. Paa lijengwe kabla behewa halijaletwa. Na mfuko wa mlinzi na rangi uwe na fedha za kila mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ama wenzangu wa daraja la kwanza, nawasihi kabla ya kikao kijacho wawaulize wazee wao nyumbani: mliposafiri kwa garimoshi, mliketi wapi?