Dagaa wa laki mbili: umfungulie kesi au umwachie?

Wafanyabiashara wenzangu, wiki hii dada mmoja kaniuliza: "Kaka, mteja kabeba dagaa wa laki mbili, mwezi wa tatu huu hapokei simu. Nikamshtaki?"

Madai kama hayo yanaanzia Mahakama ya Mwanzo. Deni la mkataba hadi milioni 30 linasikilizwa pale, kwa Kiswahili, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Kinachokula hela zaidi ni siku. Ukifunga meza yako pale soko la samaki Bagamoyo siku nne tano kusubiri uitwe, ongeza nauli kama unatokea Mapinga au Kerege, hiyo laki mbili ishaanza kuliwa.

Halafu kushinda siyo kulipwa. Asipolipa kwa hiari, unarudi tena mahakamani kuomba kukazia hukumu, mali yake ikamatwe. Mali ipi? Hapo ndipo mimi huangalia kwanza. Mwenye boti au duka anashikika. Aliyehama chumba usiku atakuachia karatasi tu.

Mimi kwa laki mbili siendi. Namfuata na mwenyekiti wa kitongoji, tunaandika anadaiwa kiasi gani na atalipa lini, anasaini mbele ya mashahidi wawili. Wengi hulipa hapo hapo (aibu ya mtaani kali jamani). Akikwepa tena, una ushahidi mkononi.

Ila ikiwa milioni mbili, maandishi yapo, na mdaiwa ana duka lake? Hiyo usiiachie, kafungue shauri.