Rangi Hafifu Katika Nywele

Bibi apendaye nywele za waridi au samawati hafifu hana budi kuzichunguza kwanza baada ya kuzitia blichi. Nywele nyeusi hupitia wekundu, rangi ya chungwa, kisha manjano. Zisipofikia weupe wa ndani ya ganda la ndizi, samawati hugeuka kijani. Manjano kidogo iliyosalia hupunguzwa kwa shampuu ya zambarau. Nywele zilizolowa zikivutika kama mpira, zimedhoofika: zitunzwe kwa losheni ya nywele majuma kadhaa, wala zisitiwe blichi tena. Rangi ijaribiwe katika kishungi kimoja, na juu ya ngozi saa 48 kabla. Rangi mbaya huoshwa ikafifia. Unywele uliokatika hauungiki.