Klipu ya stejini si kura ya maoni

Wasee, tuongee kidogo kuhusu hizi video za "utampigia nani 2027?" Kila wiki naona mpya. Mtu na mikrofoni yake stejini hapa Komarock, anauliza watu ishirini, halafu anaandika kwa herufi kubwa: NAIROBI IMEAMUA. Nairobi gani hiyo?

Nilisoma sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikatoka. Somo la mbinu za utafiti lilikuwa limepangwa mwaka wa tatu. Yaani unakaa miaka miwili na nadharia kabla mtu akuonyeshe namna ya kujua jirani yako anafikiria nini. Mimi naona hilo ndilo lingetangulia. Na lisifungiwe chuoni, maana siku hizi wanaozunguka wakiuliza wananchi maoni ni sisi wenye simu.

Chukua hapa kwetu. Komarock ni wadi moja ya Embakasi ya Kati, pamoja na wadi tatu za Kayole na ile ya Matopeni/Spring Valley. Sasa simama stejini saa nne asubuhi. Utampata nani? Makanga, mama wa kibanda, mwanafunzi, jamaa ambaye hajapata kibarua siku hiyo. Wa Industrial Area alitoka kwake saa kumi na moja. Mwenye gari amepita bila kushusha kioo. Mlinzi wa usiku amelala, na dada wa kazi yuko ndani ya geti anafua. Matopeni nayo hukukanyaga. Hao wote wana kura! Ni kama kuchota githeri juu juu bila kukoroga, kisha uapie watu kwamba sufuria haina maharagwe.

Na usiniambie eti uliuliza wengi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest huko Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi walikuwa wameyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na wengi waliotumiwa karatasi hawakujibu.

Afrobarometer kwa kawaida huhoji watu wazima 2,400 tu Kenya nzima, na kiwango cha makosa ni kama pointi 2 juu au chini. Maeneo yanachaguliwa kwa bahati nasibu kulingana na idadi ya watu, kisha nyumba, kisha mtu ndani ya nyumba, mwanamke na mwanamume kwa zamu. Mhoji haruhusiwi kumrukia yule anayependa kuongea. Sisi ndiye tunamtafuta, juu ndiye analeta watazamaji.

Turudi 2022. Wiki ya mwisho Infotrak walimpa Raila asilimia 49, Ruto 42. Matokeo rasmi: Ruto 50.49, Raila 48.85. Watu wakasema kura za maoni ni uongo mtupu. Lakini angalia tena: Raila alipata karibu kile kile. Aliyepimwa chini ni Ruto. Kwa hivyo swali tamu ni hili: wale waliosema "sijaamua" au wakakataa kujibu walikuwa kina nani? Klipu yako haina hata mahali pa kuhesabu waliokataa. Uliwakata ukihariri.

Halafu kumbuka zile siku za kuhesabu. Vituo vya televisheni vilikuwa vinaonyesha hesabu tofauti, na wote walikuwa wanasoma fomu zile zile za 34A kwenye tovuti ya IEBC, za vituo 46,229. Haikuhitaji mtu aibe kitu ndipo zitofautiane. Kila chumba cha habari kilijaza fomu kwa mpangilio wake. Nchi nzima ilikaa roho mkononi, majirani wakanuniana, kwa sababu hatukufunzwa kuuliza: hizi mmejumlisha ni za wapi, na bado za wapi?

Kuna sheria ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi. Anayezichapisha anatakiwa aseme nani alilipa, lini ilifanywa, walihojiwa wangapi na kwa njia gani. Sasa niambie ni video gani ya stejini imewahi kukuambia nani alilipa nauli ya mpiga kamera.

Utasema ni burudani tu. Sawa, basi iandike burudani, utoe hayo maneno ya "Nairobi imeamua". Ukitaka kufanya kwa ukweli, hojaji za Afrobarometer ziko mtandaoni bure, soma wanavyouliza. Nunua daftari. Andika ulisimama wapi, saa ngapi, ulimfikia nani, wangapi walikukatalia, na uweke hiyo yote chini ya video. Ukimaliza stejini, vuka uende Matopeni kabla watu hawajatoka kazini, halafu urudi tena jioni.