Mwana wa Mkulima na Mizani ya Karo

Wahenga walinena kwamba tajiri na mali yake, maskini na mwanawe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza asiye na kitu. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Igembe hadi Mbeere, imekuwa mpango wa maisha: mzazi hana akiba nyingine ila mtoto aliyefaulu mtihani. Ndiyo maana barua ya kuitwa chuo kikuu huleta vigelegele siku ya kwanza, na siku ya pili ikaleta mkutano wa ukoo wa kujadili ng'ombe yupi auzwe.

Wapo wanaodai kwamba elimu ya chuo kikuu bila ada ni ndoto ya wanasiasa wa juzi. Historia yawasuta. Mkenya aliyeingia Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya sabini hakulipa ada ya masomo. Kuanzia mwaka 1974 alikopeshwa fedha za kujikimu, ilhali ada yenyewe ilikuwa mzigo wa serikali. Hali iliendelea hivyo hadi mwaka 1991, sera ya kugawana gharama ilipomfikia mwanafunzi. Na mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Si wachache miongoni mwa wakubwa wanaoamua leo nani alipe ngapi waliopanda ngazi hiyo ya kale kabla haijaondolewa.

Mfumo mpya wa ufadhili uliozinduliwa Mei 2023 ulikuja na ahadi njema, kwamba msaada umwendee mwenye haja. Katika mwaka wake wa kwanza, walioorodheshwa kuwa wahitaji zaidi hawakutakiwa kutoa chochote nyumbani. Mwaka 2024 makundi yakawa matano, na hata familia ya kundi la kwanza, yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, ikatakiwa kuchangia asilimia 5, huku asilimia 25 ikiwa mkopo. Tuchukue kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Familia hiyo ilipaswa kutoa shilingi 15,000, ambazo ni zaidi ya kipato chake cha miezi miwili na nusu. Mwanafunzi naye alibaki na deni la shilingi 75,000 kila mwaka, yaani 300,000 katika miaka minne, kabla ya kuhesabu riba na mkopo wa kujikimu. Hili ndilo kundi linalosemekana kubebwa na serikali.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi imo katika maneno mawili madogo: "kwa mwezi". Mkulima wa Embu au Meru hana mwezi. Anayepeleka majani chai kwenye kiwanda cha Mungania, Rukuriri au Githongo hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kilo alizochuma, kisha sehemu kubwa ya jasho lake humfikia kama bonasi mwezi Oktoba. Mwenye kahawa husubiri zaidi, na bei yake huamuliwa katika masoko asiyoyaona. Wazee wa Imenti hawajasahau jinsi zao hilo lilivyoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. Miraa na muguka huleta fedha za haraka, lakini fedha hizo hukatika kwa haraka vilevile. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwaka 2014, nyumba nyingi za Igembe zilipoteza soko ambalo lilikuwa limewasomesha watoto wao. Mei 2024, Mombasa na kaunti nyingine za pwani zilipotangaza marufuku ya muguka, wakulima wa Mbeere walilazimika kukimbilia Mahakama Kuu ya Embu, ambayo ilisimamisha amri hizo kwa muda. Mtoto wa nyumba kama hiyo aandike nini katika fomu? Kipato cha wiki kabla ya marufuku, au cha wiki iliyofuata?

Isitoshe, mizani yenyewe hutazama dalili za mali: nyumba, familia, shule aliyosoma mwombaji na karo iliyolipwa huko. Yatima aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya bweni ya gharama kubwa anaweza kuonekana mwana wa tajiri. Malalamiko yalizidi kiasi kwamba mwishoni mwa Agosti 2024 Rais aliteua kamati ya kuuchunguza mfumo huo, na tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauharamisha kwa kukiuka Katiba. Suala hilo likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo kuanzia Septemba, hatua inayostahili pongezi, ingawa kupunguziwa mzigo si kutuliwa.

Linalofaa ni utaratibu wa kabla ya 1991 urejeshwe kwa watoto wa familia za kipato cha chini: serikali ilipe ada yote ya masomo, na mkopo ubaki wa chakula na malazi kwa anayeuhitaji. Pingamizi linajulikana. Wakati ule nchi ilikuwa na vyuo vikuu vya umma visivyozidi vinne. Leo vimezidi thelathini na hazina haijaongezeka kwa kiwango hicho. Ni kweli, na ndiyo sababu haipendekezwi kila mtu asome bure. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2018, ilichora mstari mmoja: familia yenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka haidaiwi ada na mtoto wake hakopeshwi. Utaratibu huo umekuwa na dosari zake, hasa ucheleweshaji wa malipo. Lakini mzazi anajua aliko kabla mtoto hajajaza fomu, na kipimo ni cha mwaka, si cha mwezi. Mwaka unamweza mkulima. Una kiangazi chake na una bonasi yake.

Sheria ya namna hiyo itachukua muda. Wakati ikisubiriwa, Chuo Kikuu cha Embu, kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na jirani yao Chuo Kikuu cha Chuka vinaweza kufanya jambo moja lisilohitaji Bunge wala mahakama. Wanafunzi wapya huripoti Agosti na Septemba, wiki chache kabla ya chai kulipwa. Mwana wa mkulima aandikishwe, apewe chumba na aingie darasani, kisha sehemu ya familia yake idaiwe mwezi Novemba.