AKIBA YA JIKONI HUOZA ISIPOTUNZWA

Ndugu wanajeshi na askari wa polisi, sote tunazijua kanuni za ghala la kambi. Magunia hupangwa juu ya mbao wala hayagusi ukuta. Kila kiingiacho na kila kitokacho huandikwa katika daftari. Na mtunza ghala ambaye hesabu yake haikutimia hana budi kujieleza mbele ya mkuu wake. Lakini askari huyo huyo aliyefundishwa mambo haya, akishavua magwanda na kuingia nyumbani, hukuta unga umewekwa sakafuni, maharagwe yamo katika mfuko uliotoboka, na chupa ya mafuta ya taa imesimama kando ya sukari. Naye hasemi neno. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili, ambalo wengine wataliona dogo, na sisi twaliona kubwa.

Hapa Jinja tunapata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, na ziwa li karibu, kwa hiyo unyevu haukosekani. Katika makazi ya askari, na katika vyumba vya kupanga vilivyoko Nalufenya, mara nyingi jiko halina chumba chake. Ni pembe moja ya chumba cha kulala, au ni upenu, penye sigiri na mbao mbili tatu zilizopigiliwa ukutani. Mbao hizo zisizo na mlango ndizo ghala la familia. Hali haina tofauti kubwa kwa ndugu zetu wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambako mvua za mlimani hulowesha kuta kwa miezi mingi.

Askari mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, alinunua mwanzo wa mwezi kilo 25 za unga wa posho na kilo 10 za maharagwe. Kabla mwezi haujafika mwisho mkewe akamwarifu kuwa hakuna chakula tena. Bwana akapandwa na hasira, akamshtaki mkewe mbele ya wazee kwamba anapeleka chakula kwa jamaa zake. Maneno yakawa mengi, hata mama yule akafungasha nguo zake ili arudi kwao. Sisi tulikuwa miongoni mwa walioitwa kusuluhisha, tukaomba kwanza tuoneshwe rafu. Nyuma ya mfuko wa unga tukakuta tundu la panya. Maharagwe yaliyobaki yalikuwa yametobolewa na fukusi, na chini yake palijaa vumbi. Unga wa chini ulikuwa umeshikana mabonge na kutoa harufu ya uvundo, na mama alikuwa ameutenga asiwalishe watoto. Mwizi alikuwapo, ila hakuwa mke. Bwana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwomba mkewe radhi mbele yetu sote.

Ni nyumba ngapi ambazo kesi kama hiyo imehukumiwa bila ya kukaguliwa rafu?

Tena hasara ya fedha siyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Mahindi hayo hayakutoka mbali. Mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yakawekwa majumbani yangali na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mtu aweza kusonga posho kwa saa nzima na sumu ikabaki ndani yake. Kwa hiyo yule mama aliyeutenga unga wenye uvundo hakuharibu chakula, aliokoa watoto.

Liko pia somo lililotuhusu sisi wenye sare. Kuanzia Aprili 2009 hadi Mei 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walivimba miguu na kupata dalili nyingine kama kukosa pumzi na mapigo ya moyo kwenda mbio. Wanne walifariki, na wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda. Wataalamu walipochunguza walikuta kuwa ugonjwa ni beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1, na kwamba uliwaandama waliokula chakula cha kambi peke yake bila kuongeza kingine cha mahali pale. Askari hao hawakuwa na njaa, walishiba. Basi ghala lililojaa si lazima liwe ghala jema. Rafu yenye unga na mchele tu ni pungufu, hata ikiwa imejaa hadi juu. Maharagwe na karanga, ambavyo vina vitamini hiyo na hupatikana katika masoko ya Jinja na Mbale, havina budi kuwa na nafasi yao.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kununua kabati lenye milango. Sisi hatukubaliani nao. Rafu ya wazi ina sifa zake: hewa hupita, na mwenye nyumba huona kwa mara moja kilichopo na kilichopungua. Kabati lenye unyevu ndani yake ni maficho ya mende na ukungu. Kinachotakiwa ni kanuni chache ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, siku ya jua toeni kila kitu nje. Anikeni maharagwe juu ya mkeka na kuyachagua. Nafaka iliyoota ukungu isirudishwe, isipewe kuku, wala isitiwe katika pombe. Futeni mbao mpaka zikauke, na zibeni kila tundu kwa saruji, hata dogo, kwani penye nafasi ya kalamu hupita panya mdogo wa nyumbani.

Pili, tazameni mahali rafu ilipo. Isiwe juu ya sigiri, ambapo mvuke wa sufuria hupanda kila siku na kuingia katika unga. Ubao wa chini uinuliwe kutoka sakafuni kwa shubiri moja au zaidi, na vyombo viachane na ukuta kwa upana wa kiganja. Wanaokaa katika nyumba za mabati wazingatie zaidi, kwa maana usiku bati hupoa na kutoka jasho. Ikiwa rafu ina miguu, kila mguu uwekwe ndani ya mkebe wenye maji, na sisimizi hawatapanda.

Tatu, vitu viwe ndani ya vyombo vyenye vifuniko, ndoo au jerikeni safi zilizokauka. Nafaka ijazwe hadi mdomoni na kifuniko kikazwe, ili fukusi walio ndani wakose hewa na kufa. Mwenye kuhifadhi gunia zima aweza kutumia magunia ya tabaka tatu, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, ambayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo bila ya dawa. Lakini nafaka lazima iwe kavu kwanza. Kipimo ni rahisi: tieni katika chupa kavu ya kioo punje kiasi na chumvi kavu kidogo, tikiseni kwa dakika chache, kisha acheni chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka ingali na maji, irudishwe juani.

Nne, kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kiletwe mbele, na unga mpya usimiminwe juu ya uliobaki. Bandikeni kando ya rafu karatasi yenye tarehe na kilo. Karatasi hiyo itamaliza ugomvi mwingi, kwani hesabu itasomwa na mume na mke kwa pamoja.

Tano, na hili ni amri zaidi ya shauri: mafuta ya taa na sumu ya panya visikae kabisa katika rafu ya chakula, wala visitiwe katika chupa za soda. Mtoto hasomi, huona chupa aijuayo, akanywa. Vilevile vidonge vya kufukizia nafaka, ambavyo wengine huvitumia chumbani kwa siri, hutoa hewa ya sumu vinapokutana na unyevu. Hewa hiyo haichagui kati ya fukusi na mtu aliyelala. Visitumiwe kamwe katika nyumba wanamolala watu.

Hatuna shaka kwamba yupo askari atakayesoma haya na kusema, "Hiyo ni kazi ya mama." Tunamwuliza: je, katika mafunzo alifundishwa kutandika kitanda chake, kusafisha bunduki yake na kupanga sanduku lake, au alifanyiwa na mama? Mwanamume anayeweza kusimama saa sita katika zamu hashindwi kusimama saa moja mbele ya rafu akiwa na nyundo na kitambaa. Na wale walio mbali katika operesheni wafahamu kuwa rafu waliyoitengeneza kabla ya kuondoka itawalinda watoto wao katika siku ambazo wao hawapo.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, nao walikusudia kutuhimiza tuweke. Lakini aliyeweka unga penye unyevu ameona kwa macho yake kwamba huoza, na kwamba uchungu wake huishia katika ndoa na katika afya ya watoto. Kwa hiyo basi, Jumamosi hii, baada ya ukaguzi wa kambi, kila mmoja wetu afanye ukaguzi wa pili nyumbani kwake, akiwa pamoja na mkewe. Akikuta hesabu imepungua, aanze kutafuta tundu ukutani kabla ya kumtafuta mtu wa kumlaumu.